Moyo wa Kuazima

Kanuni Daktari aliiweka mwenyewe: katika kliniki ile, daktari hampimi ndugu yake. Aliiandika kwa herufi kubwa na kuibandika juu ya sinki mwaka alipofanywa mkuu, baada ya tabibu mmoja kumpitisha shemeji yake mwenye kifua kikuu. Kwa hiyo asubuhi ile mama yake mzazi alipofika kutafuta cheti cha afya cha kwendea Maka, Daktari alimwamkia mlangoni kama binti yeyote, akamkabidhi kwa daktari mwenzake, akarudi chumbani kwake na kufunga mlango.

Mama hakuja peke yake. Alifuatana na mdogo wake, ambaye Daktari alimwita Mama Mdogo tangu alipojua kusema. Wote wawili walikuwa wamejitanda mitandio myeusi hadi kwenye nyusi. Mama Mdogo alikuwa Mkatoliki tangu usichana wake, na kwa kawaida hakujitanda. Daktari aliuona mtandio ule, akadhani ni heshima kwa siku ya dada yake, akausahau.

Matokeo aliyajua. Miaka miwili nyuma, kwenye kochi la nyumbani, aliusikiliza moyo wa mama yake akasikia mvumo: sauti ya kukwaruza kila moyo ulipopiga, kama maji yanayosukumwa kwenye bomba lililobanwa. Picha ya moyo ilithibitisha alichosikia. Mlango mkuu, ule unaoruhusu damu itoke kwenda mwilini, ulikuwa umekakamaa, ukabaki upenyo mwembamba. Mpasuaji alisema mlango unaweza kubadilishwa. Mama alisema moyo wake si mkebe wa samaki, na habari za kufunguliwa zikaishia hapo.

Daktari hakumwambia mwenzake lolote kati ya hayo. Alijisemea kwamba anataka sikio lisilo na upendeleo. Ukweli wote ni kwamba alitaka mtu mwingine ndiye aseme hapana.

Kliniki ilichukua sakafu ya chini ya jengo la ghorofa nne, na kazi yake ilikuwa kupima wasafiri: mabaharia, wachimba migodi, wanafunzi na, kwa misimu yao, mahujaji. Daktari mwenyewe hakuwa mtu wa ibada. Alifunga mwezi wa Ramadhani, na swala alizipata alizozipata. Lakini kazi ilimfundisha kila dini inaudai mwili kitu gani. Hija ya Maka inataka miguu, mapafu, na moyo unaostahimili jua na msongamano. Wakristo waendao Yerusalemu huwa wazee, na adui yao ni ngazi za mawe yaliyosuguliwa na nyayo za watu. Alikuja mhandisi wa barabara, Mbudha, aliyetaka kuuzunguka mlima wa nchi ya mbali kwa kulala kifudifudi, kuinuka, kusogea na kulala tena. Huyo Daktari alimpima viwiko zaidi ya kitu kingine chochote.

Na alikuwepo Mzee Vitambaa, Mhindu mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili. Huyo alikaa kwenye kiti, akasema bila kupepesa macho: "Dokta, ini langu limekwisha, unalijua na mimi nalijua. Nataka kwenda kufia kwenye mto wetu. Wanangu wawili watanibeba. Naomba karatasi." Daktari alimpima, akaandika yote aliyoyaona, akatia sahihi. Habari ile ilizunguka mtaani. Watu waliona ni jambo la ajabu, daktari kumruhusu mtu aende kufa.

Mchana, kwenye chumba cha chai, mwenzake aliingia akiinamisha kichwa chini ya kizingiti. Manesi walimwita Mrefu tangu juma lake la kwanza kazini, na hilo halikuwa zamani.

"Dokta, hongera," alisema.

"Ya nini?"

"Mama. Moyo wa msichana ule. Nimesikiliza kifuani, mgongoni, akiwa amekaa, akiwa amelala. Hakuna hata mnong'ono. Nimemtembeza korido kwenda na kurudi mpaka nikachoka mimi."

Daktari aliweka kikombe mezani.

"Umesikiliza vizuri?"

"Aa, sasa unaniuliza kama mwanafunzi." Mrefu alicheka, akatafuta sukari. "Tena alitembea peku. Namwambia mama vaa viatu, sakafu ni baridi, ananiambia vinambana, peku nimezoea. Halafu yale magoti. Yana sugu kama soli. Nikasema kweli, huyu ni mwanamke wa swala."

"Umeshatia muhuri?"

"Zamani. Bahasha iko mapokezi, yule msafirishaji wa mahujaji anakuja kuzoa vyote."

Daktari alitoka bila kumaliza chai. Alitembea kwa mwendo wake wa kawaida, kwa sababu daktari akikimbia koridoni wagonjwa wote huinuka.

Mvumo wa mlango uliokakamaa hauponi kwa dua wala kwa vidonge. Huweza kufifia pale moyo unapochoka kusukuma, lakini mtu mwenye moyo uliochoka hivyo hamchoshi daktari kwa kutembea. Na swala haiachi sugu kama soli magotini. Swala huacha alama kwenye paji la uso na kwenye vifundo vya miguu, na paji la uso la mama yake lilikuwa na alama hiyo tangu Daktari akiwa shule ya msingi. Magoti yale aliyajua ni ya nani. Kila mwaka Mama Mdogo alitembea peku na wenzake wa parokia hadi kanisa la Bikira Maria lililoko mlimani, na mwinuko wa mwisho waliupanda kwa magoti. Mrefu alizaliwa katika familia ya wachungaji wa kilokole, wanaosali wamesimama. Magoti magumu, mtandio mweusi, jina la Kiislamu kwenye pasipoti: alijumlisha alichokiona, akakosea.

Msafirishaji alikuwa ameshafika mapokezi. Alikuwa mtu wa kitambi, mwenye simu mbili, na bahasha ilikuwa kwapani.

"Nahitaji kurudishiwa cheti kimoja," alisema Daktari.

"Cha nani?"

"Cha mama yangu."

"Kina kosa?"

"Nataka kukiangalia."

Msafirishaji aliyavuta mashavu yake kwa vidole. "Dokta, mahujaji wangu ni kama mayai kwenye trei. Ukitoa moja, yaliyobaki yanagongana. Hizi pasipoti zinaingia ofisi ya viza leo. Leo, si kesho. Nikichelewa, nafasi inapewa anayefuata, na wanaofuata wamejaa kama siafu."

"Nipe nusu saa."

"Nusu saa. Kwa heshima yako. Ofisi ya viza haina mama."

Aliitoa karatasi, akaketi kwenye benchi akiangalia saa ya ukutani. Daktari aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti jeupe.

Aliwakuta kwenye chumba cha chanjo. Mama alikuwa amepandisha mkono wa gauni, pamba imekandamizwa juu ya ngozi. Sandali zake mpya, alizonunua kwa ajili ya safari, zilikuwa miguuni. Mama Mdogo alikaa kando yake, vidole vya miguu vimejificha chini ya kiti.

"Njooni chumbani kwangu," alisema Daktari. "Wote wawili."

Alifunga mlango, akabaki amesimama.

"Nani aliingia kwa Mrefu?"

"Mrefu ndiye nani?" aliuliza Mama.

"Mama."

"Wewe si umeuliza? Na mimi nauliza."

Mama Mdogo aliitazama mikono yake. "Ni mimi."

"Nyamaza wewe."

"Dada, ameshajua."

"Hajajua. Angejua asingeuliza."

Daktari aliiweka karatasi mezani, akaikunjua. "Na sindano pia alichomwa yeye?"

"Sindano nimechomwa mimi," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa mtu aliyesingiziwa. "Kinga haiazimwi. Mimi si mwizi."

"Moyo ndio unaazimwa."

"Umeazimwa asubuhi moja. Umesharudi kwa mwenyewe, haujapungua kitu."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka wote watatu. Msafirishaji alisikika akikohoa kule mapokezi.

"Mama, nisikilize. Mnazunguka nyumba ile katika umati, mara saba. Halafu mnakwenda na kurudi baina ya vilima viwili. Halafu joto. Moyo wako utatakiwa kutoa damu mara mbili au tatu ya unayotoa ukiwa umekaa hapa, na upenyo hauruhusu. Utaona giza, utaanguka, na nyuma yako kuna maelfu ya watu ambao hawawezi kusimama. Sisemi labda."

"Kuna viti vya magurudumu."

"Umeomba kiti? Kwenye cheti hiki imeandikwa unatembea bila msaada. Nani atakuletea kiti?"

Mama aliisukuma karatasi pembeni. Akajaribu njia nyingine. "Nimengoja nafasi hii tangu baba yako yuko hai. Jina lake lilitoka akiwa kaburini. La kwangu limetoka mwaka huu. Unataka liniponyoke, na mimi niko hapa napumua?"

"Dini yenyewe imesema mwenye uwezo. Asiye na uwezo hadaiwi."

"Ee, leo nafundishwa dini na mtu ambaye alfajiri anaisikia kwa jirani."

"Nasema kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa nakijua kabla yako. Uwezo nautafuta, wewe ndiye umeufungia kwenye droo na muhuri wako." Mama aliinama mbele. "Mzee Vitambaa ulimpa. Mtaa mzima unajua. Alikuja hapa akasema naenda kufa, ukasema haya, nenda salama. Yeye ana mungu gani ambaye mimi sina?"

Hilo ndilo swali ambalo Daktari alijua lingekuja, na alikuwa na jibu lake tayari. Lakini lilipofika mdomoni hakulipenda kama alivyolipenda kichwani.

"Mzee Vitambaa hakumtuma mtu," alisema. "Niliandika ukweli, na ukweli ulimtosha. Hija yake haimdai atembee, inamdai afike. Atabebwa kwenye mkeka na wanawe, na kila atakayempokea anajua anapokea mtu wa namna gani. Mimi sipimi dini, Mama. Napima mgongo, halafu naangalia mzigo. Mgongo wake unaubeba wa kwake. Wa kwako hauubebi."

"Alisema kweli kwa sababu hakuliogopa jibu," alisema Mama. "Mimi niliogopa. Tofauti ni hiyo tu."

Daktari akamgeukia Mama Mdogo.

"Ukianguka wewe mlimani kwenu, nani anaulizwa?"

"Hakuna. Tunakwenda wenyewe."

"Mama akianguka kule, wataangalia muhuri. Ni wa Mrefu. Ana watoto wawili wadogo na leseni moja. Ulilifikiria hilo ulipovua viatu?"

Rangi ilimtoka Mama Mdogo. Ilionekana kweli hakulifikiria. Walifikiria mtandio, pasipoti yenye picha ya zamani, na namna ya kupishana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Juu ya yule kijana mwenye stetoskopu hawakufikiri kabisa.

"Kwa nini ulikubali?" Daktari aliuliza.

"Hajawahi kuniomba kitu," alisema Mama Mdogo. "Siku nilipobatizwa, baba yetu alinifungia mlango. Nililala nje nimekumbatia viatu vyangu. Aliyefungua ni dada. Alimwambia baba, huyu ni mtoto wako kabla hajawa Mkristo wala Mwislamu. Alipigwa kofi, na mlango haukufungwa tena. Sasa mtu kama huyo anakuja anakuambia, nipe moyo wako nusu saa. Utasema nini?"

"Utasema hapana."

"Wewe utasema hapana. Umesomea."

Mama alikuwa ameshasimama. Alizikaza sandali, akaitia pamba kwenye ndoo ya taka, akaufungua mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kupimwa. Si mnataka kipimo changu? Ngazi zile. Nitapanda hadi juu mbele ya macho yako, bila kushika ukuta. Nikifika, karatasi ile unamrudishia mwenye bahasha."

"Sikubali."

"Sijakuomba."

Ngazi zilianzia kando ya lifti. Zilikuwa pana, za saruji iliyosuguliwa, na zilipinda katikati ya kila ghorofa. Mama alikwishaweka mguu kwenye ya kwanza. Daktari alimfikia na kunyoosha mkono, kisha akauzuia. Kumshika kungemaanisha kuvutana. Mama yake hakuwa mtu wa kuachia, na moyo ule ungedaiwa zaidi katika mvutano kuliko katika ngazi zenyewe. Kumpigia kelele kungefanya vilevile. Akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka: "Mama Mdogo, mwite Mrefu. Nesi alete machela na mtungi wa oksijeni. Nenda haraka, usipige kelele." Akasikia nyayo peku zikipiga sakafu.

Alipanda nyuma ya mama yake, daraja moja chini, mikono wazi.

Mama alipanda vizuri mwanzoni. Mgongo ulikuwa wima, sandali mpya zikilia kidogo. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu, na Daktari aliyatambua maneno, yale ambayo mahujaji huitikia njiani: nimeitika, ewe Mola, nimeitika. Walipita kona ya kwanza. Sauti ilikatika neno moja moja, baadaye ikabaki pumzi tu.

"Mama, simama. Pumzika, halafu tuzungumze."

Mama alitikisa kichwa. Kwenye kona ya pili mkono wake ulitoka kwenye mtandio ukatafuta ukuta, ule ukuta aliosema hataushika. Ulipapasa hewani kwanza. Daktari aliona shingo ikilegea kabla magoti hayajalegea, akapanda madaraja mawili kwa mara moja na kumpokea kwapani. Uzito wote ulimjia. Aliketi chini naye, mgongo ukigonga chuma cha ngazi, akamlaza, akainua miguu yake juu ya paja lake. Sandali moja iliteleza, ikagonga madaraja moja baada ya jingine hadi chini.

Mpigo wa shingo ulikuwa mdogo na wa haraka, lakini ulikuwepo. Daktari aliushikilia kwa vidole viwili. Hakuna kingine alichokifanya, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya hadi mtungi ufike. Alitazama midomo ya mama yake, iliyokuwa na rangi ya majivu, akasubiri rangi ibadilike.

Mrefu alikuja akiruka madaraja, nesi na mtungi nyuma yake. Alipiga magoti, akafunga barakoa ya oksijeni, akaweka stetoskopu kifuani. Alisikiliza. Akaihamisha, akasikiliza tena, muda mrefu kuliko inavyohitajika kuusikia mvumo ambao hata mwanafunzi angeusikia. Kisha akainua uso. Alimtazama mgonjwa, paji la uso lenye alama. Akamtazama Mama Mdogo, aliyesimama madaraja machache chini, peku, ameshika ile sandali.

"Huyu si yule," alisema.

Msafirishaji alikuwa chini ya ngazi, simu zake zote mbili mkononi, amefungua mdomo.

Mama alifumbua macho. La kwanza alilofanya ni kuvuta mtandio ufunike nywele. Daktari ndipo alipoviondoa vidole vyake shingoni, akatia mkono mfukoni. Mle mfukoni hamkuwa na cheti; alikuwa amekiacha mezani. Walipomshusha Mama kwa machela na kumfikisha kwenye kitanda cha chumba cha uangalizi, alikwenda kukichukua, akampa Mrefu.

"Ni muhuri wako," alisema. "Na kosa ni langu. Niliujua moyo huu, sikukuambia."

Mrefu aliisoma karatasi kama vile imeandikwa na mtu mwingine. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka wewe ndiye umkatalie."

Mrefu alifikiri. "Ungeniambia tu," alisema, "ningemkatalia kwa furaha." Hakuwa na furaha yoyote usoni. Alichora mstari kukatiza karatasi nzima, akaandika kimefutwa, akatia sahihi chini yake, akampelekea Msafirishaji.

Msafirishaji aliipokea kwa mikono miwili. Alikwenda hadi mlango wa chumba cha uangalizi, hakuingia. "Mama, pole," alisema. "Mimi nimepeleka wengi, wengine nimerudi na masanduku yao. Nafasi yako atapewa mtu leo leo, sitakudanganya. Lakini nikiulizwa mwakani, nitasema jina lako."

"Mwakani," Mama alisema chini ya barakoa, kama mtu anayeonja kitu kuona kama kimechacha.

Msafirishaji aliondoka. Mashine ilihesabu mapigo. Mama Mdogo alivuta kiti karibu na kichwa cha dada yake, na Daktari alisimama upande wa miguu, akijifanya anasoma mashine.

"Kule mlimani kwenu," Mama alisema baadaye. "Ukishindwa katikati, mnafanyaje?"

"Tunakaa."

"Mnakaa tu?"

"Njia ina vituo. Ukishindwa unakaa kwenye kituo. Wenzako wanapita, wanakuimbia, wanakwenda. Mwaka ule wa mguu wangu nilikaa kituo cha tano hadi waliposhuka. Padri hakusema sikufika. Wala mimi sikusema nilifika." Mama Mdogo alimpangusa jasho. "Mwaka uliofuata nilianza upya, tangu nyumbani."

"Tangu nyumbani?"

"Sasa nianzie wapi? Kituo cha tano?"

Mama alitoa sauti ambayo ingekuwa kicheko kama pumzi ingetosha. Akageuza macho kwa binti yake.

"Yule mpasuaji wako. Alisema katika watu mia, wangapi hawaamki?"

"Kwa umri wako, wawili au watatu. Alisema miaka miwili iliyopita. Sasa huenda ni wanne."

"Umeongeza."

"Wewe ndiye umeongeza, kwa kungoja."

"Na nisipofanya?"

"Kwa kuzimia kulikotokea leo, katika mia, nusu hawafiki miaka mitatu."

Mama Mdogo alifanya ishara ya msalaba. Mama alimwona. Alikuwa akipiga hesabu, na hesabu yake binti yake hakuweza kuiona kwenye mashine.

"Nikiwa katika wale wanne," alisema, "nimekufa na hija shingoni."

"Hapana. Utahijiwa."

"Na nani? Huyu?" Alimnyooshea Mama Mdogo kidevu. "Amenitosha asubuhi."

"Na mimi."

"Unaijua kanuni ya anayemhijia mwingine?"

"Naijua. Lazima awe amehiji yake kwanza."

"Kwa hiyo utakwenda mara mbili. Wewe."

"Mara mbili."

"Wewe unayesali kwa mafungu."

"Kanuni ni kanuni, Mama. Siwezi kutuma mtu."

Mama Mdogo alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Atakuwa anawapima watu presha kuzunguka Kaaba," alisema, "mmoja mmoja, na anayezidi anamtoa kwenye mstari."

"Unaahidi," Mama alisema. Hakuwa akitania.

Daktari hakuwa mtu wa kuahidi. Wagonjwa humwomba ahadi kila siku, naye huwapa asilimia. Alifikiria nafasi ambazo hutoka kwa bahati, miaka ya kungoja, mara mbili. Alifikiria pia kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama yuko anayezihesabu safari hizo. Hilo la mwisho halikubadilisha lolote katika alichoombwa.

"Naahidi," alisema.

"Basi mpigie huyo mpasuaji. Sasa hivi, kabla sijabadili mawazo. Na umwambie yote, hata la ngazi. Nimechoka kuwadanganya madaktari."

Daktari alitoa simu. Mama Mdogo aliinama kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kuifungua ile sandali iliyobaki mguuni, ili dada yake alale vizuri.

"Iache," alisema Mama. "Na ile nyingine nivalishe. Bado zinabana, nazizoesha."

Simu ya upande wa pili ilianza kuita.